Fomu za Perpetua

S.L.P. 63,
Lisekese, Masasi.
14 Septemba 1998

Mpendwa mpwa wangu Perpetua,

Shikamoo yako imenifikia. Marahaba, mwanangu. U hali gani huko kwenye baridi? Mimi nina maumivu, nitakueleza. Mama yako ni mzima, na mikorosho imechanua vizuri.

Nilifurahi kusikia umebakiza tasnifu tu upate shahada ya pili ya sera za umma na uongozi wa mashirika yasiyo ya kiserikali. Ndiyo maana barua hii ni nzito kwangu.

Nilipanda Newala na fomu zako za utafiti. Kijiji chetu cha zamani, tulikoondolewa mwaka 1974, sasa ni vichaka, basi nikafikia kwa binamu yangu Somoe. Nilihoji watu thelathini na wanane, mmoja mmoja, kama ulivyoagiza. Karibu wote walimtaja Halfani, katibu wa kamati ya maji. Tangu biashara iachiwe huru, maji ya msaada anawauzia wenye malori.

Siku ya nne nilichoka. Niliona kunong'onezana huku ni adabu ya ugenini. Kwetu jambo la maji husemwa mbele ya wote. Nikawakusanya bombani, nikasoma swali la tisa kwa sauti yangu ya darasani: nani anaharibu ugawaji?

"Si huyo hapo!" akasema Somoe. "Mwoneni shati, kalinunua kwa kiu yetu."

Watu wakacheka. Halfani akamtandika dumu la usoni, taya likavunjika. Kaka zake Somoe wakaja na mapanga. Halfani alipoteza vidole vitatu. Niliviona vikikanyagwa kwenye tope. Nyumba yake ikachomwa, mbuzi wakilia ndani.

Jioni ndugu zake Halfani wakanizingira kwa Somoe.

"Mwalimu, lete hizo karatasi. Tunataka kuwajua wengine waliosema."

Nikawaambia nazifuata ndani. Nikatia komeo, nikazisukumiza zote jikoni motoni. Walipouvunja mlango walikuta majivu. Wakanivunja mkono wa kushoto.

Najua nimekuchomea kazi uliyoiandaa mwaka mzima. Kosa la kusoma hadharani ni langu, nalo nakuomba radhi. La kuchoma sikuombi.

Msalimie mumeo Apolinari, na umbusu Nuria mdogo. Shangazi yako Veridiana anakukumbuka kila sala. Mungu akufungulie njia nyingine ya kumaliza.

Usiniandikie kuniuliza majina. Nayakumbuka yote thelathini na manane, na hata wewe sikupi.

Mjomba wako akupendaye,
Nikolao