Dada Yako Kwenye Kamba ya Nguo

Nyumba ya Tatu,
Nyuma ya Karakana ya Useremala,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Shemeji,

Natanguliza kuomba radhi. Barua yako ya Oktoba ninayo, nimeisoma mara nyingi, na sikuijibu. Sina udhuru. Uliniuliza hali ya dada yako, nami nikawa nangoja niwe na jibu zuri. Jibu zuri halikuja, na ukimya ukawa mazoea.

Hujambo lakini? Goti limepona, au bado linakusumbua kwenye ngazi za kazini? Pacha hawajambo? Sisi huku tu wazima, kwa kadiri ya umri wetu. Dada yako anakula na kulala vizuri. Mkono wa kulia bado mzito. Maneno yaliyombakia tangu kiharusi ni machache, na analolitumia zaidi ni "sawa". Ukimwuliza kama anataka chai, sawa. Ukimwuliza kama hataki, sawa pia.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa nyumba yetu ni ndogo, naye husikia kila kitu. Jambo lenyewe linamhusu.

Binti yetu wa mwisho, mwanao, siku hizi mtaa mzima unamwita Kipanga. Alipata kazi katika studio ya video, kwa majaribio ya miezi sita. Anarusha droni, kile chombo kidogo chenye panga nne zinazozunguka kama feni, kinachopiga picha kutoka juu. Mwezi huu ndio wa sita. Studio inatengeneza filamu ya dakika tano kuhusu mitaa yetu, itakayoonyeshwa kwenye skrini kubwa ya kituo cha mabasi. Hiyo ndiyo itakayoamua kama ataajiriwa au ataaga.

Kosa la kwanza ni langu. Aliponiomba ushauri, nilimpa ule niliowapa wanafunzi kwa miaka thelathini na minne: utangulizi, kiini, hitimisho. Akatii. Katika kila kipande, droni inapaa, inazunguka juu ya paa la nyumba, inashuka. Picha ni safi, hazitikisiki, hazina dosari. Alinionyesha sebuleni, na kwenye paa la saba au la nane nikasinzia, nami ndiye baba mzazi.

Mkuu wake wa kazi hakumung'unya maneno. Alimweleza kwamba paa la kwanza humshangaza mtu, la pili humpendeza, na la tatu humfanya atafute simu yake. Akamtaka ashuke, asogee karibu, atafute mtu mwenye shughuli, na akikate kipande kabla mtazamaji hajakichoka. Mtoto akajitahidi. Alimwomba fundi baiskeli wa hapa jirani aendelee na kazi yake kama kawaida. Fundi alipoiona droni inamjia usawa wa uso, alivaa koti, akasimama wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho, gurudumu mkononi.

Sasa sikiliza. Wiki mbili zilizopita aliirusha kutoka uani kwetu, kisha akatoka kwenda barabarani kuifuata. Betri ilipokaribia kwisha, chombo kikaanza kurudi chenyewe mahali kilipoanzia, kama kilivyoundwa. Kikashuka polepole uani, hadi usawa wa kamba ya nguo, kamera bado inapiga.

Dada yako alikuwa pale. Shemeji, alikuwa anatembea peke yake. Mkono wa kushoto umeshika kamba. Akifika kwenye kibanio anauinua, anakivuka, anashika tena. Amevaa shati langu kuukuu na kiatu kimoja. Nimehesabu hatua kumi na moja, kutoka nguzo hadi nguzo. Kisha anatazama juu, anakiona chombo, anakipungia mkono kukifukuza kama kuku aliyeingia jikoni.

Mimi humshika mkono kila siku kutoka kitandani hadi kitini. Nikiwa naye huenda hatua nne, kisha hunilemea. Habari ya hatua kumi na moja sikuijua. Sijui ameanza lini. Sijui kwa nini hanionyeshi, wala sina swali la kumwuliza ambalo jibu lake halitakuwa "sawa".

Kipanga alipeleka vipande vyote kazini bila kuvichambua, na hicho kikatokea cha mwisho. Mkuu wake alikitazama, akaagiza kirudiwe, akakitazama tena.

"Filamu inaanza hapa," akasema. "Mapaa yako yatafuata."

Mtoto alirudi nyumbani amenuna. "Baba, nimehangaika miezi sita," aliniambia, "na picha nzuri kuliko zote imepigwa mimi sipo."

Nimekataa mara mbili kipande hicho kitumike. Dada yako hakuwahi kumfungulia mtu mlango bila kujitazama kwenye kioo. Leo atazamwe na kila anayengoja basi, akiwa na kiatu kimoja? Lakini nikishikilia kukataa, binti yetu atafukuzwa pamoja na mapaa yake. Jana tulimwonyesha mwenyewe, tukamwuliza kama kitumike. Alikitazama hadi mwisho. "Sawa," akasema. Nikamwuliza kama kifutwe. "Sawa." Kipanga akatoka nje. Mimi nikabaki na rimoti mkononi, nisijue pa kuiweka.

Nimesahihisha kazi za watu maisha yangu yote, na hii imenishinda. Wewe ulilala naye kitanda kimoja hadi alipoolewa. Yule unayemjua angetaka nini? Studio inangoja jibu hadi Ijumaa ya tarehe 26. Ukipata barua hii mapema, piga kwa simu ya Kipanga, si yangu.

Nisalimie mumeo, pacha, na mama mkwe wako. Kipanga anakuamkia. Mungu akulinde ugenini na akupe wepesi katika kila unaloligusa.

Siku tutakayoamua, vyovyote tutakavyoamua, nitakuandikia kabla jua halijazama. Sasa naona dada yako ameamka. Ameketi ukingoni mwa kitanda, amenyoosha mkono, ananingoja nimshike.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Mwalimu