Kadi Moja kwa Kila Kaya

Jumatatu, 6 Septemba 1976

Visanduku tena, tangu saa mbili asubuhi. Herufi moja, kisanduku kimoja cha karatasi. Macho yanauma, koo limekauka kwa saumu. Mradi wa kikundi chetu si wa kuchezea: orodha ya kaya za vijiji vya Kisarawe, na ndiyo itakayotumika kugawa mbegu za mahindi kabla ya vuli. Karatasi hizi zikijaa zinapelekwa Dar, zinatobolewa kadi za matundu, moja kwa kila kaya, na mashine ya kompyuta inazisoma. Sisi wanachuo wa hapa Kibaha mashine yenyewe tumeiona mara moja tu, kwa nyuma ya kioo.

Tupo wanne. Komba mwenyekiti, Masanja mtu wa mizaha, Zuhura wa Mlandizi, na mimi. Kila jambo tunanyoosha mikono. Kisha Komba anauliza, "Tumekubaliana?" Tunaitikia, "Tumekubaliana." Kwenye daftari anaandika: Kikundi kimeamua. Hakuna jina la mtu. Napenda hivyo. Mtu anajificha humo vizuri.

Jumatano, 8 Septemba

Leo tumebishana. Zuhura anataka kila mke mwenye nyumba yake na shamba lake apewe kadi yake. Komba hataki. Kaya ni mume, mume mmoja kadi moja, basi. Ukianza kutenganisha wake, programu iandikwe upya, na muda hakuna. Masanja akaleta mzaha wa wake wadogo, kwamba hao hawalimi, wanangoja zamu tu. Nikacheka. Nilicheka kabla ya wenzangu.

Zuhura akanigeukia. "Athumani, wewe ndiye wa Kisarawe. Waambie."

Mama yangu ni bi mdogo. Ana nyumba yake Maneromango, ng'ambo ya bonde, mbali na kwa bi mkubwa. Ana shamba alilolifyeka mwenyewe. Baba huja kwa zamu, jembe halishiki. Mimi nimekula shamba lile, nimevaa shamba lile. Hapa chuoni nimewaambia baba ana mke mmoja. Mwaka mzima nawaambia hivyo.

Nikasema, "Kwetu mambo hayo ni ya wachache."

Mikono mitatu juu kwa kadi moja, mmojawapo wangu. Tumekubaliana. Na nimefunga. Saumu gani hii.

Ijumaa, 17 Septemba

Orodha imerudi kutoka Dar. Karatasi ndefu ya kukunjwa, ina matundu pembeni. Mwalimu wetu wa hapa chuoni amesema kikundi chetu kinajua kuamua kwa sauti moja, wengine waige. Akatushika mikono mmoja mmoja. Nikamtafuta baba: yupo. Mama hayupo, wala mke mdogo yeyote ninayemfahamu. Zuhura aliipitia ukurasa kwa ukurasa, akaikunja.

Inapelekwa wilayani Jumatatu. Bado inaweza kurekebishwa.

Jumapili, 19 Septemba

Nilikusudia kumwendea Mwalimu. Nikafua shati. Nikalianika. Nikalipiga pasi. Sikwenda. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 25 Septemba. Idd

Niko nyumbani. Mama amepika pilau. Mbegu ziligawiwa juzi. Alipanga foleni tangu asubuhi mpaka ugawaji unafungwa, jina lake halikuitwa. Karani akamwambia karatasi imetoka kwenye kompyuta, na kompyuta haina upendeleo. Bi mkubwa alipata mfuko, kwa jina la baba. Mama akaenda kwake kuomba. Miaka yote hii hajawahi kumwomba yule mama hata chumvi. Amerudi na kibaba kimoja. Nimekiona, kimefungwa kwenye pindo la khanga kuukuu, amekiweka mvunguni.

Hakunilaumu. Angejuaje? Alisema, "Mwanangu, wewe ndiye unayeisomea hiyo mashine. Iulize basi, mimi nimeikosea nini?"

Nikamjibu kwamba mashine nazo hukosea. Akaridhika. Baadaye nikamsikia akimweleza jirani: mwanangu msomi, amesema mashine imekosea. Pilau niliimeza tu, aone ninakula.

Jumatano, 29 Septemba

Nimesema. Mbele ya wote watatu. Kwamba mama ni bi mdogo, kwamba nilijua, kwamba hana mbegu. Masanja alitazama viatu vyake. Komba akasema nisijitie unyonge, uamuzi ulikuwa wa kikundi, hakuna wa kulaumiwa. Alinionyesha mlango wa kukwepea lawama, na Mungu anajua nilitamani kuupita. Nikamwambia mkono ulikuwa wangu.

Zuhura hakunipa pole. Aliniuliza tu, siku ile aliponigeukia, nilikuwa namwona nani. Jibu ninalo.

Tukaenda kwa Mwalimu. Amekubali kadi za nyongeza. Lakini mbegu za vuli zimekwisha. Orodha mpya itatumika masika.

Jumatatu, 4 Oktoba

Visanduku tena. Zuhura anasoma majina, mimi naandika. Kila mke mwenye shamba lake, karatasi yake. Masanja anachonga penseli, hana mzaha.

Jina la mama nimeliandika polepole. Mwanahawa binti Selemani. Limeenea, na visanduku vimebaki.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Nadhani na Maneromango imenyesha. Atakuwa shambani sasa, anapanda. Kibaba kile hakifiki hata robo ya shamba.