Kioo Kilichozibwa kwa Nje

Jumapili, masika, 1971. Baada ya sala ya alasiri.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo, sasa imeanza tena. Nimekaa kuandika nikainuka mara tatu kabla ya kufika hapa. Nakwenda kupitisha kidole chini ya tangi la samaki, kwenye ukingo wa fremu, nakitazama kidole, narudi. Pakavu.

Shajara, leo nimesema uongo. Umenitoka mwepesi kama salamu, mbele ya mke wangu na binti yangu, na niliyemwambia ameuamini.

Nitaanza mbali, maana nikianza na uongo wenyewe najijua, nitajitetea.

Tangi hili niliachiwa na mwalimu mwenzangu Mwingereza alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Fremu ya chuma, vioo vinne vinene, na urefu ambao mtu mzima akilala ndani yake itabaki miguu tu nje. Limekaa ukumbini, limekula nafasi ya makochi mawili. Ndani nafuga kitatange wawili na kangaja mmoja mkorofi, kwa maji ya bahari ninayoyateka Shangani kwa madebe. Hapa mtaani kwetu Mkunazini nahesabiwa kuwa nina wazimu mdogo. Bi Moza, mke wangu, akirudi sokoni mikono mitupu baada ya kupanga foleni ya samaki, huwatazama hawa watatu kwa namna ambayo siipendi.

Wiki mbili zilizopita ililetwa posa ya binti yetu Salha. Mposaji ni Haji, mtoto wa Fundi Makame. Fundi Makame ni mkalafati, anaziba mianya ya mbao za mashua pale pwani ya Malindi, na Haji anafanya kazi hiyo hiyo pamoja naye. Salha anasomea ualimu. Haji aliishia darasa la nane. Salha anamtaka. Mama yake ameniambia, na hata asingeniambia, nina macho.

Sikujibu. Nilisema naifikiria. Kusema kweli nilikuwa sifikirii chochote, nilikuwa nangojea itokee sababu ya kukataa ambayo watu wakiisikia wataona ina maana.

Ile niliyokuwa nayo haisemeki. Skuli ni mimi ninayesimama mbele ya watoto Jumatatu asubuhi kuwaambia kwamba siku hizi hakuna bwana wala mtwana, na kwamba kila kazi ina heshima yake. Huwa nasema vizuri hata mwenyewe naamini. Halafu nikafika nyumbani nikakuta posa ya mtoto wa mkalafati, nikaanza kukohoa.

Ijumaa Bi Moza aliniuliza wale watu wangoje mpaka lini. Nikainuka kwa hasira, nikasukuma kiti nyuma bila kutazama, egemeo likagonga kioo cha mbele cha tangi. Kikapata ufa wa shibiri mbili, kutoka pembe ya chini ukipanda kwa mshazari, na maji yakaanza kuchuruzika juu ya zulia. Hata mtu wa kumlaumu sikumpata.

Tangu hapo samaki wamo ndani ya birika la saruji la chooni, tulilolijaza maji ya bahari, na sisi nyumba nzima tunatilia udhu kwa kopo. Kila aliyepita kutazama ameona ni wajibu wake kunitajia ile methali ya ufa na ukuta. Sitaiandika hapa. Nimeisikia mara saba kwa siku mbili, na mara mbili kati ya hizo ni kwa mkwe wangu wa kike, mama yake Bi Moza.

Kioo kinene hakipatikani. Mwenye duka la vifaa pale Darajani, Mhindi mmoja mpole, alinifunulia viganja: havijaingia siku nyingi. Alichobaki nacho ni kioo chembamba, cha kutilia picha. Akanikatia kanda mbili za kioo hicho za kubandika juu ya ufa, akaniambia cha kugandishia nikitafute mwenyewe, maana puti aliyokuwa nayo imekuwa jiwe.

Bi Moza ndiye aliyetafuta. Hakuniuliza. Leo saa mbili asubuhi napiga mswaki, nasikia hodi mlangoni, na sauti ni ya Fundi Makame.

Baba wa mposaji! Mtu ambaye posa yake nimeikalia wiki mbili ndiye aliyeitwa kuja kuniokoa. Nikamtupia mke wangu jicho. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Aliyeitwa kazini si mgeni. Mfungulie mtu, ananyeshewa."

Nikamfungulia. Ni mkubwa kwangu, nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba kana kwamba baina yetu hakuna lolote. Alikuwa amevaa msuli na fulana, mkononi ana kopo la deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu wanaoupaka mashua. Akachutama mbele ya tangi, akaupitishia ufa ukucha kutoka mwanzo mpaka mwisho, macho ameyafumba.

Nilikuwa nimejiandaa. Kutoka kwenye mswaki mpaka mlangoni nilitunga majibu matatu, kutegemea ataiingiza vipi habari ya posa. Hakuiingiza. Wala kwa fumbo, wala kwa kuguna. Aliniuliza kangaja anakula nini. Aliniuliza kama paa letu linavuja. Kazi aliifanya taratibu, anakanda deheni kwa vidole, anapuliza vumbi kwenye kioo, na mimi kitini nilikuwa nahangaika kama niliyekalia mchanga wa moto. Angenidai jibu ningepumua.

Kisha akaanza kupaka, nami nikaona anapaka nje.

Ilinichukua kufumba na kufumbua kuelewa. Mashua ina maji nje, yanataka kuingia. Ukiipaka deheni kwa nje, maji yenyewe yanaikandamiza ishike. Tangi lina maji ndani, yanataka kutoka. Ukanda ukibandikwa nje yatausukuma mpaka uachie, kwa hiyo mahali pake ni ndani. Nimelifundisha jambo hili miaka kumi na minne, ubaoni, kwa mishale ya chaki.

Nikanyamaza.

Sikusahau. Wala sikunyamaza kwa kumwonea haya mtu mzima. Nilitaka kazi imshinde. Nilitaka jioni nimtazame Bi Moza, nisiseme neno, naye aelewe kwamba watu hawa ni wazuri lakini wana mipaka yao. Nilimwona Fundi Makame anakosea, nikakaa nikatazama mpaka akamaliza, na alipomaliza nikamwambia, "Mkono wako mwepesi, Fundi."

Nilimsifu. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote.

Adhuhuri tukasali, na Bi Moza akatenga chakula. Fundi akasema ameshakula. Nikamfuata mke wangu jikoni kulalamika kwamba tunadharauliwa, akanikata. Kwao, akasema, mtu aliyepeleka posa hali chakula cha nyumba ile mpaka ajibiwe, isije ikasemwa amekwenda kujipendekeza. "Ana njaa tangu asubuhi," akasema, "na anayemshindisha nayo ni wewe." Nikarudi ukumbini nikala peke yangu, huku Fundi yuko barazani anatazama mvua. Sikuusikia utamu wa wali.

Baadaye tukajaza maji ya mfereji, ya kujaribia. Yeye alileta ndoo, mimi nilimimina, Salha alisimama pembeni na kitambaa, na Bi Moza mlangoni mwa jikoni. Maji yalifika nusu, hakuna kitu. Robo tatu, hakuna kitu. Nilianza kudhani labda vitabu vimenidanganya. Ndipo deheni ikatutumka katikati, ukanda ukachomoka, ukaanguka ukavunjika, na maji yakaruka moja kwa moja kwenye madaftari ya wanafunzi wangu niliyoyapanga chini ukutani.

Mimi nilisimama tu na ndoo. Fundi Makame aliiacha kazi yake iharibike, akayakumbatia yale madaftari kifuani, akayapandisha juu ya meza, kisha ndiyo akarudi kuzuia ufa kwa kiganja.

Halafu akacheka. Alicheka kweli, mpaka mabega yakatikisika.

"Lo! Umri wangu wote nnayazuia yasiingie," akasema. "Leo nimetakiwa niyazuie yasitoke, na mkono ushazoea kule. Ukanda huu ungekaa ndani." Akanigeukia, maji yanamtiririka mpaka kiwikoni. "Na wewe Mwalimu, mtu wa sayansi. Hili hukuliona?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayemuuliza mwenzake.

"Sikuliona, Fundi."

"Basi tumekuwa wajinga wawili," akasema, akanipiga bega kwa ule mkono mkavu, ili nisione haya.

Salha alikuwa amepiga magoti anakausha sakafu. Kitambaa kilisimama. Hakuinua uso. Kisha kikaendelea.

Kilichobaki kilikwenda haraka. Tukalitoa maji tangi, tukalikausha, Fundi akaingiza mwili wake nusu ndani, akaubandika ukanda wa pili upande unaostahiki. Tukajaza mpaka juu. Safari hii ukanda ulizidi kushika kila maji yalipopanda. Tukakaa muda wa kunywa kahawa, ambayo hakuinywa, tukapitisha kidole, pakavu. Akanawa mikono kwenye mvua. Alipofika mlangoni nikangojea, nikasema sasa atasema. Alisema, "Usiwarejeshe samaki leo. Chokaa kali ile. Yamwage maji mara mbili tatu kwanza." Akaweka kopo tupu kichwani kama kofia, akaenda zake.

Nimekwenda kugusa tena. Pakavu.

Baada ya yeye kuondoka, Salha alipita na kitambaa chake anakwenda kukikamua. Akasimama mlangoni.

"Baba, lile kopo la matundu bado mnalo skuli?"

Ni kopo la maziwa. Nililitoboa matundu matatu ubavuni, moja juu ya jingine. Ukilijaza maji, tundu la chini kabisa linarusha mbali kuliko yote, na mtoto anaona kwa macho yake jinsi maji yanavyosukuma kwenda nje. Mwaka aliokuwa darasani kwangu, Salha ndiye niliyemwita mbele alishike. Lilimrowesha viatu, darasa zima likacheka, naye akacheka.

"Lipo," nikamjibu.

"Haya, baba," akasema, kwa adabu yake ile ile, akaenda uani.

Laiti angenipigia kelele! Mtoto anayekupigia kelele bado anatarajia utajieleza.

Sijui nikae wapi ndani ya nyumba hii. Nikiwa ukumbini namsikia uani anachota maji. Nikitoka uani anaingia ndani. Hanikimbii, ana kazi zake, lakini sisi wawili tumekuwa hatukutani, na nyumba yenyewe si kubwa.

Niliogopa binti yangu asije akaingia kwa watu wasiojua. Yule bwana kosa lake alilijua papo hapo, akalitamka kwa sauti mbele ya wake na watoto wa watu, akaanza upya na tumbo tupu. Mimi langu nimekaa nalo tangu saa tatu asubuhi, na hata sasa nalitamkia karatasi.

Bi Moza amepita, ameniona naandika, ameuliza, "Tangi limeshika?" Nimesema limeshika. Akasubiri kidogo, kana kwamba hilo si swali alilouliza. Kisha akaondoka.

Kesho nikitoka skuli nakwenda Malindi mwenyewe. Si mwendo wa kawaida, jibu la posa hupita kwa mshenga, lakini ninayo mambo mawili na la pili haliwezi kupita kwa mtu. La kwanza, Haji nimemkubali, kama nao bado wanatutaka. La pili, niliona.

Nimekuwa nikizunguka ukumbini kutafuta nianze na lipi.

Nikianza na posa, atafurahi, atanikumbatia, na mtu akiwa katika furaha husamehe hata kabla hujamaliza kusema. Nitakuwa nimelipitisha kosa langu mgongoni mwa harusi ya mwanangu. Nikianza na kioo, ana haki ya kunitazama na kuuliza: mtu aliyekaa asubuhi nzima akiniangalia nikikosea, akanisifu, kisha akakana kuwa aliona, ndiye huyo nimpelekee mwanangu amwite baba? Ana haki ya kuiondoa posa yake, naye Salha, kwa sababu yangu, atakosa mume anayemtaka.

Adhana ya magharibi hiyo. Mvua haijakatika.

Nitaanza na kioo. Na akiiondoa posa yake, nitarudi Mkunazini kwa miguu yangu, nimweke Salha mbele yangu, nimwambie mwenyewe nani amemkosesha Haji.