Namsomea Mume Wangu Karatasi za Mashine kwa Uongo

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako, maana barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, naishi Makote, Newala, na mume wangu Halfani ni mvuvi, watu wa hapa hunicheka kwamba nimeolewa na mvuvi huku juu ambako hata maji ya kunywa ni shida, lakini ndivyo tulivyoishi, miezi ya korosho yuko shambani na mimi, miezi mingine yuko Mikindani kwenye boti ya mbao aliyoachiwa na mjomba wake, boti ya zamani, ina viraka kila upande, na anaipenda kuliko anavyosema.

Mwaka huu baada ya Idi mashine ya boti ikafa. Ilikuwa ya nguvu ya farasi kumi na tano, fundi akaifungua akasema haina dawa, tafuteni nyingine. Halfani, Baba Kurwa wangu, akarudi nyumbani na karatasi za maduka ya Mtwara, zina picha na maelezo ya kila mashine, akaniwekea mapajani akasema, "Mama Kurwa, nisomee, moshi wa jikoni umenichosha macho." Mshauri, mume wangu hajawahi kukaa jikoni.

Kesho yake Husseni, baharia wake wa miaka mingi, akanipigia simu kwa sauti ya chini kama mtu aliyeiba. "Mama, mzee haoni. Wiki ile kabla mashine haijafa tulikuwa tunaingia, kuna akina mama wanatafuta pweza kwenye maji mafupi, yeye kaelekeza boti kwao moja kwa moja. Nilipiga kelele, sikungoja, nikaruka nikaushika mkono wa mashine mwenyewe. Tafadhali usimwambie nimesema."

Sikumwambia. Nilichofanya, na Mungu anisamehe, ni kumsomea zile karatasi kwa uongo. Hii wanasema spea zake hazipatikani, hii inakunywa petroli, hii haipendi maji ya chumvi, kila mashine nikaipa ugonjwa wake ili asinunue. Miezi minne sasa. Mapacha wetu, Kurwa na Doto, wameolewa Masasi, nao sijawaambia. Na yeye anashinda kibarazani anafunga mshipi wa kuvulia, anaufungua, anaufunga tena, nikimpikia ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, anakula miwili anasema ameshiba.

Wiki iliyopita kanishtua. Nilikuwa namsomea, akaninyamazisha kwa mkono, akasema, "Hii ya kumi na tano, juzi ulisema spea hazipatikani. Leo unasema inakunywa petroli. Ni karatasi ileile, kona yake imekunjwa, naijua kwa kidole." Hakugomba hata kidogo, bora angegomba. Akasema tu, "Basi, tununue ya arobaini. Nataka niwe narudi jua likiwa bado juu." Nikamwambia boti ile haiwezi arobaini, akasema itaweza, akaenda kulala.

Nimechoka, mshauri. Nimechoka kudanganya na nimechoka kumwangalia. Tukimaliza kuokota korosho tunashuka Mtwara kununua. Nimsomee ukweli aende akafe baharini, au niendelee na uongo afie kibarazani? Na hiyo mashine yenyewe, tuchukue ipi?

Shamila, Makote

JIBU

Mama Kurwa, marahaba, na pole sana. Mzigo uliobeba si mdogo, na uliubeba kwa sababu unampenda. Lakini kugombezwa utagombezwa. Mtu kakupa karatasi umsomee kwa sababu katika dunia nzima anayemwamini ni wewe, nawe ukaigeuza imani hiyo kuwa kamba ya kumfungia. Hilo halikuwa lako kuamua peke yako.

Halafu hukumsikiliza. Mtu aliyetumia kumi na tano maisha yake yote, kwa nini leo atake arobaini? Kasema mwenyewe: arudi jua likiwa bado juu. Jua likishuka haoni kitu, mama. Anajua kabisa habari ya macho yake, na ameona aibu kukwambia. Mmekaa miezi minne nyumba moja mnafichana jambo lilelile.

Kwa hiyo mpigie Husseni, umwambie siri yake unaitoa. Ni mtu mzima, ataelewa. Kisha mkalishe mumeo useme, "Baba Kurwa, nilikudanganya, na habari ya wale akina mama wa pweza ninayo." Ukishasema, nyamaza. Akikasirika mwache akasirike, ana haki.

Kabla ya duka, ni daktari wa macho. Kuna mtoto wa jicho, ule ukungu ambao ukitolewa mtu huona tena, na kuna magonjwa mengine yasiyorudi nyuma. Mimi sijui la mumeo ni lipi. Wewe pia hujui, na umeshamhukumu.

Mashine: arobaini msiiguse. Nilimuuliza fundi wa boti, akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Kwa uzito wake na msukumo wake, boti yenye viraka itang'oka ubao wa nyuma unaobeba mashine. Chukueni kumi na tano, ya aina ambayo mafundi wa Mikindani wameshaizoea na spea zake wanazo. Lakini kwanza seremala augongegonge ubao huo aone kama haujaoza, na mpime kimo chake, maana mguu wa mashine ukiwa mfupi pangaboi litakuwa linapiga hewa.

Kuanzia sasa mashine anashika Husseni. Mumeo akae mbele aonyeshe wapi pa kutega. Ujuzi huo haujamtoka. Akikataa, mashine isinunuliwe, na hapo usilegee hata akinuna mpaka msimu ujao. Wale akina mama nao wana watu wanaowangoja nyumbani. Daktari akisema macho yamepona, mtazungumza upya.

Mwisho, waite Kurwa na Doto waje wampeleke baba yao hospitali. Ni baba yao, si mumeo tu. Siku hiyo wewe usiende. Baki nyumbani, funga mlango, ulale.