Anayetwanga Nyuma ya Jiko

Runzewe,
9 Agosti 1978

Kaka yangu mpendwa Leodgar,

Shikamoo. Habari za huko Songwa, wifi Anisia na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila vumbi la kiangazi halitupi nafasi ya kupumua. Mama anakusalimu sana, na safari hii anakusalimu akiwa amesimama!

Ndiyo, amesimama. Kaka, sasa naweza kukwambia jinsi nilivyoogopa. Mtu ajikwae tu, mguu uvunjike! Daktari alisema mifupa imepungua nguvu kwa uzee, akamfunga plasta, akasisitiza maziwa na dagaa. Plasta ilipotolewa Mama hakuthubutu kukanyaga chini. Nilijua ndiyo basi tena, hatainuka.

Umeuliza ni mama gani anayemchemshia ile dawa ya majani ya mlonge na mizizi, umletee mbuzi Krismasi. Mama nilimwambia ni jirani yangu, Mama Scolastika. Wala siye. Ni mume wangu, Thobias, aliyefundishwa na marehemu baba yake kuunga mifupa. Mila zetu unazijua: mtu na mama mkwe wake hawatazamani, sembuse kupokea kikombe mkononi mwake. Tangu Mama ahamie kwangu, Thobias anapitia uani, na wakikaribia kukutana njiani anajitosa kichakani kama mwizi wa kuku. Basi yeye alitwanga nyuma ya jiko, mimi nikapeleka bakuli. Mama angejua, asingeionja.

Kilichomsaidia ni majani, ni maziwa ya daktari au ni Mungu, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Jumapili alikwenda kanisani kwa fimbo yake. Tuliporudi nikajikaza nimweleze. Hata sijaanza, akaniambia nimhimize mume wangu atibu kile kikohozi chake, maana tangu siku ya kwanza anakisikia nyuma ya jiko. Kumbe alikunywa akijua! Alinyamaza ili Thobias asione haya akaacha.

Jana jioni Mama aligeukia ukuta wa jiko, akasema kwa sauti: wabeja, mwanangu, asante sana. Mchi ukanyamaza. Nilipozunguka nilimkuta Thobias ameinamia kinu, analia.

Kwa hiyo mbuzi mlete, kaka. Mama anasema umkabidhi Thobias wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwa kuwa wa kwake hauruhusiwi.

Wabusu watoto kwa niaba ya bibi yao anayetembea.

Ni mimi mdogo wako,
Salvina