Mama Mkwe Aliyenikalisha Mbele

Mpendwa Mama Khorshed,

Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai. Siku ya harusi yangu nilikitazama kiti chako kitupu zaidi kuliko nilivyomtazama mwanao. Ulikuwa umempigia Rustam simu kutoka Mombasa, ukamwambia, "Mparsi huoa Mparsi. Siji," ukakata. Mimi nesi wa Nakuru, Mkristo, nisiye wa ukoo wala dini yenu ya Kiparsi, nilijua nimefungiwa mlango.

Miaka miwili baadaye Zarin alizaliwa hapa Katy, Marekani, nawe ukaja. Rustam alikuwa kazini, kwa hiyo nili-drive mwenyewe hadi airport, mtoto amelala kiti cha nyuma. Njia nzima nilikuwa nikijifunza salamu ya Kiingereza. Uliponiona ukasema kwa Kiswahili, "Umekonda, mwanangu. Nani akupikia?" Nililia pale pale parking, na wewe ukajifanya unatafuta miwani.

Kesho yake ulichora samaki wa chokaa mlangoni, ishara ya heri, ukawasha ubani na kuupitisha chumba kwa chumba, ukimwombea mtoto. King'ora cha moshi kikalia. Jirani yetu Mmarekani akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto, ukamketisha mezani ukampa tambi. Ulizikaanga kwa samli na iliki, ukazipakua pamoja na mtindi mtamu.

"Sisi twaziita sev," uliniambia. "Wazee wetu walitoka Irani na moto wao na sala zao. Mapishi waliyapata njiani."

Ulikaa miaka tisa. Kila Machi uliotesha ngano kwenye sahani kwa ajili ya Nairuzi, mwaka wenu mpya. Kila asubuhi ulifungua uzi wako wa sufu kiunoni, ukasali ukielekea mwanga, ukaufunga tena. Hukuniambia hata siku moja niache kanisa langu. Jumapili nikirudi uliuliza tu, "Pasta kasema nini leo?" na ukasikiliza hadi mwisho.

Kisha figo zikakushinda. Nimehudumia wagonjwa wengi, Mama, lakini kwako tu nilihesabu dawa mara mbili. Wiki ile ya mwisho kuhani wenu alikuja kukuona. Mliongea Kigujarati kwa muda mrefu, mara akanitazama, akainamisha kichwa. Alipotoka nilikuuliza mlisema nini.

"Mambo ya wazee," ukajibu, ukafumba macho.

Siku ya mazishi nilimfuata Rustam ukumbini. Mzee mmoja akanizuia kwa upole, akanionyesha viti vya nyuma, kwa sababu asiye wa dini yenu haketi karibu na maiti wakati wa sala. Sikubisha. Nilimshika Zarin mkono nikaenda nyuma.

Kuhani alisimama, akafungua kitabu chake, akakifunga.

"Khorshed aliniomba nisianze kabla binti yake hajaketi mbele," akasema kwa Kiingereza. "Yuko wapi?"

Huna binti, Mama. Una Rustam peke yake. Watu waligeuka kumtafuta huyo binti, na ikanichukua muda kuelewa kwamba wananitafuta mimi. Yule mzee ndiye aliyenivutia kiti. Nikaketi nikiuona uso wako.

Sasa Zarin ana miaka kumi na mmoja. Ananijibu kwa Kiingereza, lakini akinuna hununa kwa Kiswahili chako cha Mombasa. Asante kwa hilo pia. Asante kwa kuja ulipokuwa umesema huji. Ulibadilika kwa ajili yangu ukiwa na umri ambao wengi hawabadiliki tena.

Pumzika, Mama, penye mwanga uliouelekea kila asubuhi.

Ni mimi, binti yako