Nimewaonyesha Maji Yanapopita

Baba Nekesa,

Sikuandikii kukujulia hali. Hali yako naipata kila wiki kwa watu wanaotoka Bungoma, nami huwasikiliza mpaka mwisho hata chai ikipoa. Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka kusoma, kwa sababu siku ile uliyonigawia maisha yangu ulinigawia mbele ya watu. Basi na jibu lako lipate mbele ya watu.

Wiki jana ulimtuma Nekesa, binti yetu, kwangu. Alisimama mlangoni akayasema maneno yako huku anaangalia viatu vyake: "Baba amesema watu wa barabara wakikuja kupima mtaro, uwaambie maji inapita huku juu kwako. Ati wewe hauna kitu huku, lakini yeye ako na maduka." Nilimwambia aingie, akakataa. Nilijua ni kwa nini ulimtuma yeye na hukuja mwenyewe.

Ngoja kwanza nikukumbushe tulikotoka, maana naona umesahau.

Ulikuwa unabeba watu kwa baiskeli pale Bokoli siku za soko. Mimi nilikuwa narudi nyumbani na kikapu cha samaki wadogo, na njia fupi ya kwetu ilikuwepo, kila mtu anaijua. Wewe ukanizungusha njia ya nyuma, kwenye miwa, ili safari irefuke. Mvua ikatupata katikati. Ulitoa ile nailoni uliyofunikia kiti, ukanifunika mimi na kikapu, wewe ukalowa mpaka soksi. "Wewe kaa tu hapo ndani," ulisema, "mimi nishazoea." Nilikupenda pale pale, sina haja ya kukana. Nilikupenda nikafika nyumbani nacheka peke yangu, mama akaniuliza kama nina homa.

Tukaja Kitale. Ukapata kazi ya lori, kubeba mahindi kutoka eneo la Kwanza, tukanunua ile ploti wakati watu wanatucheka kwamba tumenunua kichaka. Barabara ilikuwa ya murami, udongo mwekundu mtupu. Kiangazi nguo nyeupe zilianikwa zikaanuliwa zikiwa na rangi ya matofali, na masika bodaboda walishuka wakasukuma pikipiki kama wanasukuma ng'ombe mkaidi. Sisi tulikuwa na nyumba ndogo ya mabati upande wa juu wa ploti, na shamba dogo la nduma chini karibu na barabara. Nduma zangu zilikuwa na majani mapana ya kumfunika mtoto.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukuwahi kukijua, na hukukijua kwa sababu ya kazi yako. Mvua ya Kitale ina adabu. Asubuhi jua linawaka, saa sita mlima Elgon unaanza kujifunika, na ikifika saa tisa inashuka yote. Kwa muda wa saa moja, maji ya mashamba yote ya juu yalikuwa yanapita kwenye ploti yetu, yanakata katikati ya nduma, yanavuka barabara na kwenda zake. Saa tisa wewe ulikuwa kwenye lori. Jumapili saa tisa ulikuwa mjini unaangalia mpira. Ulirudi jioni maji yameshapita, ukakuta matope, ukafuta viatu. Miaka yote ile tuliyokaa pamoja hukuyaona yale maji kwa macho yako hata siku moja.

Lakini nilikuambia. "Baba Nekesa, leo maji yamefunika nduma zote." Na wewe, kijiko mkononi: "Ati maji? Hiyo ni matope tu, bana." Kila mwaka nikasema, kila mwaka ukacheka.

Kisha ukaoa Bungoma. Kuoa sikuandikii, hilo nililia likaisha. Nakuandikia juu ya Januari ile uliyokuja na ndugu zako na wazee wawili kugawa ploti. Ardhi ilikuwa imekauka, imepasuka, vumbi linapepea. Kiangazi ndiyo saa ya watu wa hapa kuuziana na kugawana ardhi, na ndiyo maana tunadanganyana sana. Mgeni akija kununua, mwenye akili haulizi bei kwanza. Anauliza hapa palikuwa pamepandwa nini, na akisikia nduma, mmea unaopenda maji, anarudi kwao.

Wewe hukuhitaji kuuliza, ulikuwa umezila. Nilisimama nikasema mbele ya wote, "Huko chini kuna maji." Ndugu zako wakacheka. Mmoja akasema, "Anatutisha ndio abaki na ya mbele." Na wewe ukamalizia: "Mwanamke atafanya nini na ploti ya barabara?" Nikapewa kona ya juu yenye mawe, isiyo na hata njia ya kupitisha mkokoteni. Wiki ile ile ukang'oa nduma zangu kwa mikono yako, ukazirundika mlangoni kwangu na udongo wake. Mimi na Nekesa tulizila wiki mbili, asubuhi na jioni. Kila kipande nilichomenya nilikutaja jina.

Mji ukaja, kama ulivyotabiri. Maghorofa yakaota palipokuwa na mahindi, taa zikawekwa, bodaboda wakajijengea kibanda, na jina la mtaa likabadilika bila mtu kutuuliza. Ukajenga maduka manne yenye vigae mbele. La mwisho ukampa Nekesa afungue saluni. Wakati huo nilidhani ni upendo wa baba, nikaanza hata kulegea kidogo. Siku hizi nadhani ulikuwa unajiwekea ukuta.

Ikafika zamu ya lami. Injinia mmoja kijana alituita mkutano, na kwa bahati yako mbaya alituita Februari. Akauliza, "Wazazi wangu, hapa maji hupita wapi masika?" Wewe uliruka wa kwanza, na kofia yako mpya. "Hapa hakuna maji. Mimi ndio nilifungua hii mtaa." Injinia akaangalia huku na huku, macho yake yakatua kwangu, labda kwa sababu nilikuwa mwanamke mzee kuliko wote waliokuwa pale. "Na wewe mama, unasema aje?"

Nilikuwa nimesema mara nyingi, Baba Nekesa. Nilisema jikoni, nikasema mbele ya wazee. Siku hiyo nikasema, "Mwenye ploti ameongea." Nikakaa chini.

Wakainua barabara, wakaweka chini yake kakalvati kadogo, kabomba ka kupitisha maji ya kunawa mikono. Aprili ikafika. Siku ya kwanza ya mvua kubwa nilitoa kiti changu nje, nikafungua mwavuli, nikakaa kwenye mawe uliyonigawia. Maji yalishuka yakafika kwenye lami, yakakosa njia, yakarudi nyuma yakaingia madukani kupitia mlango wa mbele kama wateja. Niliona magunia ya unga yakilowa. Niliona kandambili na mabeseni yakitoka kutembea. Nilicheka mpaka jirani akatoka kuniangalia. Sijacheka hivyo tangu siku ya miwa.

Wapangaji wako walihama mmoja mmoja kabla mahindi hayajachanua. Akabaki Nekesa, kochi la wateja juu ya matofali, draya ya kukaushia nywele ameitundika ukutani. Mimi nilimwambia ahame. Alijibu, "Mama, hiyo ni yenu na baba. Mimi niko na kazi." Wewe ukarudi Bungoma, ukaanza kuwaambia watu stendi kwamba nimekuroga. Sina uchawi. Nilinyamaza tu, na kunyamaza nilifundishwa na wewe.

Sasa watu wa barabara wamerudi kuchimba mtaro mkubwa, na safari hii kilicho kwenye njia ya maji kitaondolewa. Ndipo ukamtuma mtoto. Ulitaka niseme maji yanapita kwangu, wachimbe kitanda changu na jiko langu, ili vigae vyako vibaki. Ulichukua ya chini, ukaona bado ya juu inakuwasha.

Nilifikiria, nakubali. Nisingekuwa mama wa mtu kama nisingefikiria. Siku nzima nilijiambia: uongo mmoja tu, na Nekesa abaki na saluni yake. Kisha nikakumbuka kile kirundo cha nduma mlangoni.

Alhamisi asubuhi walikuja. Nilivaa gambuti zangu za mpira nikawatangulia, hatua kwa hatua, kutoka kwa jirani wa juu mpaka kwenye lami. Mkubwa wao akauliza, "Una uhakika, mama?" Nikamwambia, "Nimefua nguo kwenye haya maji." Kijana aliyebeba kopo la rangi akafuata nyuma yangu, akaweka alama nyekundu ya kubomolewa duka la kwanza, la pili, la tatu. Kila alama niliisubiri ikauke ndiyo nisogee.

Kwenye la nne akasimama. Ndani kulikuwa na mteja kitini, na Nekesa amemwinamia na kichana. "Na hii?" akaniuliza. Ningeweza kusema maji yanakata kona. Angeniamini, hakuna mwingine aliyewahi kukaa pale saa tisa.

"Hata hii," nikasema.

Nekesa alisikia. Hakugeuka. Aliendelea kuchana nywele za yule mama polepole mpaka akamaliza, akampa kioo ajiangalie.

Njoo utoe mabati na vigae vyako kabla tingatinga halijafika. Huku juu kwangu usipande. Ukiniona nje, jua sikungoji wewe, na salamu zako kwangu zigawe huko huko Bungoma.

Nekesa amehamishia vitu vyake kwa rafiki yake mjini. Hakuvileta kwangu. Leo ni siku ya tatu anapita hapo chini na hanisalimii.

Na hilo pia sitakusamehe.

Mimi,
Mama Nekesa